Maswali ya Wasomaji: Sakafu ya Juu Baada ya Dhoruba

SWALI: Assalamu alaikum. Nyumba yangu ina sakafu bapa ya zege juu, mita 8 kwa 10. Dhoruba ya masika ilipopiga, maji yalisimama huko juu karibu kufika kizingiti cha mlango wa ngazi, na sasa chumba cha kulala kinavuja. Fundi anataka tumwage saruji nyingine ya sentimita 5 juu ya ile ya zamani. Nikubali?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Waalaikumu salamu. Usikubali. Sentimita 5 kwa eneo hilo ni mita za ujazo 4, zaidi ya tani 8, unazoitwika sakafu ambayo haikupigiwa hesabu hiyo. Na ufa ulioko chini utaipasua hata hiyo mpya.

Tafuta kwanza maji yanapoingilia, maana mara nyingi sipo yanapotonea. Hupenya penye ufa, yakatambaa ndani ya zege, yakaibukia mbali, aghlabu kwenye tundu la waya wa taa. Zima umeme wa chumba hicho kabla ya jambo lolote. Siku ya jua, fagia juu, ziba bomba la kutolea maji kwa tambara lililofungwa nailoni, jaza maji yasiyozidi sentimita 2 na nusu, uyaache saa 24. Chini, tia alama ya penseli kila panapoloa. Pakibaki pakavu, mwagia maji ukuta mfupi wa ukingoni kwa mpira. Kwa kawaida kosa liko hapo, sakafu inapokutana na ukuta, au kandokando ya bomba. Lakini kama zege linadondoka au sakafu imebonyea katikati, usijaze maji kabisa. Ita mhandisi.

Matengenezo yafanywe kipupwe, kati ya Juni na Septemba. Gonga plasta ya juu kwa nyundo: inapolia kama debe tupu imeachana na zege, iondoke. Ufa upanue kwa tindo kiasi cha sentimita moja, uzibe kwa gundi ya kuzibia inayonyumbuka. Saruji tupu haifai hapo, kwa kuwa zege hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa mvua ikinyesha ghafla. Kisha rudisha mteremko kwa saruji 1 na mchanga 4, ushuke sentimita 5 kila mita 4 kuelekea bomba. Kumbuka: plasta ya zamani itoke ndipo mpya iingie, uzito usizidi. Pembeni mwa ukuta piga mshazari, pasibaki kona kali.

Juu yake ndiyo karatasi ya lami ya kuchoma kwa moto. Wengi huiharibu kwa haraka. Kwanza pima ukavu: bandika juu ya saruji kipande cha nailoni cha mita moja, kingo zote zizibwe, kilale usiku. Asubuhi ukikuta matone chini yake, subiri, maana mvuke utainua karatasi malengelenge. Anzia penye bomba ukipanda kwenda juu, kila karatasi ilalie ya chini yake sentimita 10, ncha kwa ncha 15, na ipande ukutani sentimita 15. Mwisho toboa ukuta wa ukingoni tundu la dharura, sentimita 5 juu ya sakafu. Bomba moja likizibwa na majani ya mwembe wa jirani, maji yawe na pa kutokea.

SWALI: Baada ya upepo na mvua, vipande vya zege vimeanguka kutoka dari, nondo zinaonekana zimeshika kutu. Nipige plasta tu?
Msomaji, Wete

JIBU: Plasta itaanguka tena. Kutu huvimba kuliko chuma chenyewe, ndiyo inayolisukuma zege. Mvua imemalizia tu. Mara nyingi chanzo ni mchanga wa pwani wenye chumvi. Tegemeza sakafu kwa nguzo, chonga zege mpaka nyuma ya nondo kiasi cha kidole kupita, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, osha kwa maji baridi ya kunywa, si ya kisima chenye chumvi. Nondo iliyoliwa hata ikawa nyembamba waziwazi, mhandisi aamue. Paka rojo la saruji, kisha kabla halijakauka jaza saruji 1 na mchanga 3, tabaka lisizidi sentimita 2 kwa mara moja, nondo zifunikwe angalau sentimita 2 na nusu. Lowesha siku 7.

SWALI: Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ina sakafu ya chokaa juu ya boriti. Tuzibe nyufa kwa saruji?
Msomaji, Shangani

JIBU: Hasha. Saruji ni ngumu na haipumui. Unyevu hubaki chini yake ukaozesha ncha za boriti zilizozama ukutani. Tumia chokaa iliyozimwa, 1 kwa mchanga 3, ishindiliwe na kufunikwa magunia mabichi siku kadhaa. Choma ncha za boriti kwa bisibisi: ikizama bila kushindana, weka nguzo leo hii. Na kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kitafuteni kabla fundi hajapandisha karai la kwanza.