Jibu: Kutumikia kazi ku nyumba na safari za Kolwezi

Ndugu yangu, umeuliza namna gani mtu anatumikia kazi yake ku nyumba, tena kila wiki mbili anaenda Kolwezi, bila batoto kumusahau. Mimi niko Lubumbashi, huku Kongo, nafanya ivo mwaka wa tano sasa, na kweli safari haikukuwa shida sana, shida ilikuwa zile siku niko nyumba.

Bakubwa bangu ba kazi beko Kinshasa, saa yabo iko nyuma ya yetu saa moja. Banaweka reinyo (mukutano) saa kumi na moja ya jioni, huku ni saa kumi na mbili, bibi anapakua bukari (ugali), mimi nimejifungia mu chumba, kale kadogo kanagonga mlango, "papa, samaki ya tomson inapoa!" Miaka mbili nakula peke yangu, bukari imekauka juu. Mwisho nikabaomba tu basogeze ku saa nane yabo, bakakubali palepale, kumbe hakuna mutu alijua kama ile njo saa yetu ya kula.

Kolwezi ni kama kilometa 300, malori ya migodi imejaa njiani, usijidanganye utaenda na kurudi siku moja. Naendaka siku ya pili (mardi) asubui, narudi siku ya ine (jeudi). Na valizi siifichake tena, batoto njo banapanga sokisi (moja moja hazifanane, lakini nani ataziona mu viatu). Siku ya tano (vendredi) ordinatere (kompyuta) nafungua kisha kubapeleka ku masomo, hapana mbele.