Hawakuhamishwa kwa ukahaba

Wapo wanaodhani wanawake wa Ayalandi waliopelekwa Australia zamani kama wafungwa walihamishwa kwa sababu ya ukahaba. Hapana, ukahaba haukuwa kosa la kumpeleka mtu Australia. Wengi wa wanawake hao walihukumiwa kwa wizi: nguo, vitambaa, chakula, hata kondoo. Kifungo cha kawaida kilikuwa miaka 7. Rekodi za waliopelekwa Tasmania, kisiwa cha Australia, zimehifadhiwa huko, na zinaeleza kosa la kila mmoja, kazi aliyoijua, mpaka rangi ya macho yake. Ni kweli wapo waliowahi kujiuza, na makarani waliliandika hilo pia, lakini silo lililowapandisha melini.

Linaloniuma zaidi ni la miaka ya njaa kuu ya Ayalandi, viazi vilipoanza kuoza shambani mwaka 1845. Wapo waliochoma moto nyumba za watu makusudi ili wahukumiwe kuhamishwa, maana gerezani angalau palikuwa na chakula. Walikusanywa kwanza katika gereza la Grangegorman, Dublin, wengine wakiwa na watoto wao wadogo, kisha wakavushwa bahari hadi Hobart, mji wa Tasmania. Safari hizo za kwenda Tasmania zilikoma 1853.