Usiuze Waranti ya Paa Ambalo Hukuliezeka

Vijana mnaoingia kwenye kazi ya kuwakagulia watu nyumba kabla hawajanunua, hapa Tanga mtaulizwa habari ya paa hata kabla hamjashuka kwenye ngazi. Mnunuzi yuko chini, mkono kiunoni, anataka neno moja: linavuja au halivuji? Ukimwambia kwa leo halivuji, anakuja na la pili: basi unanipa waranti? Siku hizi wapo wakaguzi wanaojibu ndiyo, tena wanaandika kabisa kwenye ripoti kwamba paa lina dhamana ya mwaka mmoja kutoka kwao. Wateja wanaipenda. Madalali wanaipenda zaidi, kwa sababu mnunuzi mwenye wasiwasi akionyeshwa karatasi ya waranti anatoa hela haraka. Mimi nawashauri msiitoe.

Wazo lenyewe limetoka Marekani. Kule kukagua nyumba kabla ya kununua ni biashara iliyokomaa. Chama chao kimoja, ASHI, kipo tangu 1976, na kingine kikubwa ni InterNACHI. Mkaguzi wa kule anaweza kuchukua mpango wa kulinda paa kutoka kampuni ya pembeni, akaugawa kwa wateja wake pamoja na ripoti, na mipango inayotangazwa sana ni ya miaka 5. Vijana wetu wanaona video, wanasema na sisi tufanye. Wanachokiruka ni masharti. Anayelipa pale ni kampuni, ambayo imekusanya ada za nyumba nyingi mno na inajua kwamba chache tu ndizo zitakazovuja. Kwa kawaida inaziba panapovuja na basi. Dari lililooza na godoro lililolowa ni shauri la mwenye nyumba. Kuna kiwango cha juu cha malipo. Na paa ambalo mkaguzi mwenyewe aliandika lina kasoro linaachwa nje. Pamoja na kinga zote hizo, wakaguzi wa kule bado wanabishana kama jambo hili lina heshima au ni chambo cha kuvutia wateja. Viwango vya InterNACHI havimlazimishi mkaguzi kutembea juu ya paa, wala kutabiri litadumu miaka mingapi. Sasa wewe wa Ngamiani, usiye na kampuni nyuma yako, unatabiri kwa mfuko wa nani?

Piga hesabu. Chukulia umelipwa laki mbili kwa nyumba ya vyumba vitatu. Upande mmoja wa paa ukihitaji kuezuliwa na kuezekwa upya, mabati, papi (mbao za kushikia mabati), misumari, ufundi na usafiri vinaingia kwenye milioni. Ada za wateja kadhaa zimemezwa na mteja mmoja, na bado una waranti zako nyingine zimelala makabatini mwa watu zikisubiri mvua hiyohiyo. Hapo ndipo wengi hawafikirii: mvua za masika haziji kwa zamu. Ikipigwa mvua kubwa ya Mei, simu zote zinalia wiki moja.

Kuna na sheria. Kumtoza mtu ada leo kwa ahadi ya kumlipa au kumtengenezea kesho likitokea la kutokea kunakaribia sana bima, na biashara ya bima Tanzania inafanywa kwa leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Sisemi kila karatasi ya waranti ni bima. Nasema usitoe hata moja kabla wakili hajaisoma, na ada ya wakili peke yake itakuonyesha kama biashara hiyo inalipa.

Lakini sababu kubwa kwangu ni paa lenyewe, na mji wetu. Tanga imeutazama Mkondo wa Pemba. Chumvi inafika Raskazone, Sahare na Mwambani kila siku ya Mungu, na bati la pwani linaliwa kwa namna ambayo bati la Korogwe haliliwi. Viwanda vyenyewe vinalijua hilo. Soma kwa makini karatasi ya waranti ya bati la rangi, ile yenye miaka mingi imeandikwa kwa herufi kubwa; mara nyingi ndani kuna sharti la umbali kutoka baharini, na nyumba iliyo karibu na maji ama inapunguziwa miaka ama haimo kabisa. Aliyetengeneza bati, anayejua lilipakwa nini na kwa unene gani, ameogopa kuahidi. Wewe uliyeliona kwa saa mbili unaahidi nini?

Geji nayo, yaani namba ya unene wa bati. Kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 30 kuliko 28. Likishaezekwa na kupigwa kofia ya kileleni, kwa macho ya kutoka chini yote yanang'aa sawasawa. Muuzaji atakwambia ni 28. Omba risiti ya dukani, tafuta maandishi ya kiwandani upande wa chini wa bati ukiwa darini, na ukiweza pima ukingo kwa kipimo cha milimita. Ukikosa vyote andika: "Muuzaji amesema geji 28, haikuthibitishwa." Sentensi hiyo fupi ina kazi kubwa kuliko waranti.

Halafu kuna makosa ya ufundi yasiyovuja leo. Fundi akikata mabati kwa grainda juu ya paa, cheche zinachoma rangi na unga wa chuma unabaki umetapakaa. Pita mkono taratibu karibu na kofia na kwenye kona. Ukiona vitone vya kahawia kama madoa ya chai juu ya bati ambalo bado ni jipya, ujue kutu imeshapata mlango. Angalia gata. Maji yanayotiririka kutoka kwenye bati la rangi au la alumini na zinki yakiangukia gata la bati jeupe la kawaida, gata hilo linakufa mapema sana, na mwenye nyumba atashangaa kwa nini gata limetoboka ilhali paa bado halina tatizo. Angalia mabati yamelaliana upande gani. Masika yetu, Machi hadi Mei, yanashikana na kuanza kwa kusi, na kusi inasukuma mvua kutoka kusini mashariki. Fundi aliyeelekeza midomo ya mabati huko ameyafungulia maji njia. Nyumba ya namna hiyo unaweza kuikagua Februari, ikavu kabisa, dari jeupe, ukasema salama.

Zile nyumba za kisasa za kuficha bati nyuma ya ukuta zinanikosesha raha kuliko zote. Maji yote yanategemea mfereji mmoja wa ndani na bomba moja au mawili ya kushushia. Majani ya mwembe wa jirani yakiziba bomba, mfereji unafurika kuelekea ndani, juu ya dari la jipsam. Hakuna kilichoharibika kwenye paa, ila nyumba imelowa. Je, waranti yako inalipia majani?

Na mambo ya baada ya wewe kuondoka ndiyo mengi. Fundi wa dishi anapanda, anakanyaga katikati ya papi mbili, bati linabonyea na mlalio unafunguka. Fundi wa sola anatoboa. Embe linaanguka kutoka juu. Panya wanakula mpira wa kuzibia maji. Alfajiri ya baridi kidogo, bati lisilo na kitu chini yake linatoa jasho, matone yanadondoka darini, mwenye nyumba anakupigia saa kumi na moja kasoro kwamba paa lake linavuja wakati hata wingu halipo. Ukiwa umetoa waranti, hizo zote ni simu zako, na kila moja ni ubishi wa nani mwenye kosa. Utakuwa unakagua bure mji mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wanaouza waranti hawalisemi. Inaharibu jicho. Ukijua kila doa utakaloliacha litakugharimu, utaanza kuandika kila paa ni bovu, na wauzaji wa mji huu mdogo watakufahamu haraka. Au kinyume chake: ukitaka biashara iende, utasema paa zuri halafu uombe Mungu. Na mbaya kuliko zote ni yule anayekagua, anayetoa waranti, na ambaye fundi wa kutengeneza ni mdogo wake. Kanuni za maadili za InterNACHI zinamkataza mkaguzi kujilipisha ukarabati wa nyumba aliyoikagua kwa miezi 12. Sisi hatuna anayetukataza, tujikataze wenyewe.

Sasa mteja unamjibuje? Mama mmoja wa Makorora, mwanawe yuko Muscat ndiye anayetuma hela, alinishika mkono mlangoni:

"Mwanangu, wewe si ndiye mkaguzi? Basi nihakikishie hili paa."

"Mama, nimelipanda, na darini nimeingia na tochi. Misumari mitatu upande wa kusini imelegea, na papi moja ina mchwa. Hayo nakuhakikishia, picha hizi hapa. Ya masika inayokuja siwezi. Sikuezeka mimi."

"Sasa nakulipa nini?"

"Unanilipa ujue cha kumbana muuzaji kabla hela haijatoka. Fundi gari akikukagulia gari la mtumba, anakupa waranti ya injini?"

Alicheka, akampigia mwanawe palepale. Muuzaji alikubali kubadilisha papi na kupunguza kidogo. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo kazi yetu, na hakuna waranti iliyoyahitaji.

Badala yake mpe vitu anavyoweza kuvishika. Ripoti iwe na tarehe na hali ya hewa ya siku hiyo: kulikuwa na jua, mvua ya mwisho ilinyesha lini. Andika ulipofika na usipofika. Kama darini hapakuwa na mlango, sema hukuingia. Picha za kila upande, za karibu na za mbali. Ukiwa darini zima tochi kwanza, ukae gizani kidogo. Matundu ya misumari yatajionyesha yenyewe kama nyota. Dari lililopakwa rangi chumba kimoja tu wiki chache kabla ya kuuza, liulizie. Kama muuzaji anakubali, mwagia maji kwa mpira, ukianzia chini ya paa na kupanda taratibu, sehemu moja kwa wakati. Ukianzia juu maji yatashuka kila mahali na hutajua yalikoingilia. Paa la asbestosi kwenye nyumba za zamani usilipande wala kulitoboa, vumbi lake ni hatari. Liandike na umwelekeze mteja kwa wataalamu.

Mteja akitaka waranti kwa nguvu, mwelekeze kwa mwenye nayo. Fundi aliyeezeka, au atakayerekebisha, aandike na kusaini kwamba kazi yake ikivuja ndani ya muda fulani anarudi bila malipo, na sehemu ya hela yake ibaki mkononi mwa mteja mpaka mvua ipite. Makandarasi wa majengo makubwa wanazuiwa fedha namna hiyohiyo kwa ajili ya kasoro. Karatasi za kiwandani na risiti za mabati zikabidhiwe pamoja na hati ya nyumba, kwa sababu bila risiti kiwanda hakimsikilizi mtu.

Mimi ninachotoa ni kurudi mara moja. Nyumba niliyoikagua wakati wa kiangazi naipitia tena baada ya mvua kubwa za kwanza, naingia darini, naandika ukurasa mmoja wa nyongeza. Gharama yake naiweka ndani ya ada tangu mwanzo na namwambia mteja hivyo waziwazi, ili asidhani ni hisani wala ahadi ya kutengeneza. Kwa walio mjini haizidi nauli ya bodaboda na nusu siku. Kwa nyumba za Pongwe au Amboni ongeza kidogo, na panga mbili kwa safari moja.