Kaboni-14 na naitrojeni-14 si kitu kimoja

Mdogo wangu wa Moshi, umeuliza inakuaje kaboni-14 na naitrojeni-14 ziwe vitu tofauti wakati zote ni 14, aisee hata mi pale palinisumbua sana kidato cha pili. We anza na protoni, zile chembe za katikati ya atomu, hizo ndo zinaipa atomu jina, kaboni 6 siku zote, naitrojeni 7. Hiyo 14 ni protoni ukijumlisha na nyutroni, chembe nyingine za hapo hapo katikati, so kaboni-14 ina nyutroni 8, naitrojeni-14 ina 7. Kaboni-12 je? Protoni 6 nyutroni 6, bado kaboni ila nyepesi, hiyo na kaboni-14 ndo isotopi, yaani protoni sawa ila nyutroni tofauti. Angalia tu usije ukaandika namba ya masi (hiyo 14) sehemu ya namba ya atomu (idadi ya protoni), maksi zinaondoka hapo. Ukikwama tena mfate mwalimu na daftari mkononi mapema, usisubiri mtihani.