Umbo la mwezi ndiyo saa yake

Swali la wiki hii lilikuwa hili: kwa nini mwezi hauchomozi saa ile ile kila siku, na je, mtu anaweza kukisia saa zake bila jedwali? Anaweza, tena kwa usahihi wa kutosha kupanga safari ya usiku au kupiga picha. Umbo la mwezi na saa yake vina asili moja: vyote hutokana na umbali wa mwezi kutoka kwenye jua huko angani. Ukilijua umbo, saa unayo.

Mwezi huizunguka dunia kuelekea mashariki, ukisogea nyuzi 13 hivi kila siku mbele ya nyota. Jua nalo, likitazamwa kutoka hapa chini, husogea upande huo huo, lakini uzi 1 tu. Kila siku basi mwezi huliacha jua kwa nyuzi 12 na kitu. Dunia hujizungusha uzi 1 kwa dakika 4, kwa hiyo saa 24 zikitimia inabaki na dakika kama 50 za kuzunguka kabla ya kuufikia mwezi ulikosogea. Kutoka kuchomoza hadi kuchomoza ni saa 24 na dakika 50 kwa wastani, na kutoka mwezi mpya hadi mwezi mpya ni siku 29, saa 12 na dakika 44.

Nyakati nne tu zinatosha kukariri. Mwezi mpya huchomoza na jua na kuzama na jua, ndiyo maana hauonekani. Robo ya kwanza, yaani mwezi unapoonekana nusu, kama siku ya 7, huchomoza adhuhuri na kuzama usiku wa manane. Mwezi mpevu, kama siku ya 15, huchomoza jua linapotua na kuzama linapochomoza. Robo ya mwisho, kama siku ya 22, huchomoza usiku wa manane na kuzama adhuhuri. Hapo pia lipo jibu kwa wanaoshangaa kuuona mwezi mchana: robo ya kwanza ni ya alasiri, robo ya mwisho ni ya asubuhi. Na ile hilali nyembamba ya jioni haichomozi, inazama. Ilichomoza asubuhi nyuma ya jua, ikashinda angani mchana kutwa ikiwa imemezwa na mwanga.

Kwa siku za katikati, chukua umri wa mwezi tangu mwezi mpya, uzidishe kwa dakika 49, ujumlishe na saa ya macheo. Hapa tunaozihesabu saa kwa Kiswahili tuna nafuu kubwa: jua likichomoza saa 12 kamili, jibu la kuzidisha ndilo saa yenyewe. Mwezi wa siku 10: dakika 490, yaani saa 8 na dakika 10, na huo huchomoza karibu saa 8 na dakika 10 mchana. Mwezi wa siku 18: dakika 882, yaani saa 14 na dakika 42, toa 12, unapata saa 2 na dakika 42 usiku. Ukitaka saa ya kuzama, ongeza saa 12 na dakika 25 kwenye saa ya kuchomoza. Karibu na ikweta kosa la hesabu hii kwa kawaida haliifikii saa moja. Ukienda mbali kaskazini au kusini, kosa huongezeka.

Kosa lenyewe hutokea kwa sababu zile dakika 50 ni wastani tu. Kwanza, mwendo wa mwezi si sawasawa: ukiwa karibu na dunia hukimbia, ukiwa mbali hupunguza mwendo. Mwaka 2025 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 7 Septemba saa 18:09 za UTC (saa ya kimataifa, inayohesabiwa tangu usiku wa manane), ukawa mpya tarehe 21 Septemba saa 19:54, kisha mpevu tena tarehe 7 Oktoba saa 03:48. Nusu ya kwanza ilichukua siku 14 na saa kama 2, nusu ya pili siku 15 na karibu saa 8. Anayehesabu robo kwa kuongeza siku saba saba atapotea mapema.

Pili, njia ya mwezi hukutana na upeo wa macho kwa mshazari unaobadilika. Kwenye ikweta njia hiyo husimama karibu wima siku zote, na ucheleweshaji wa kila siku hubaki kati ya dakika 40 na 65 hivi. Kwenye latitudo ya 40 na kuendelea, mwezi mpevu wa majira ya vuli hupanda kwa kulalia upeo, na huweza kuchelewa dakika 30 au pungufu kwa siku. Wa majira ya kuchipua huzidi saa nzima. Kuna pia mzunguko wa miaka 18.6, ambao huutanua na kuubana mwendo wa mwezi kati ya kaskazini na kusini. Mwaka 2024 na 2025 ulifika kilele, mwezi ukifikia nyuzi 28 na nusu kila upande wa ikweta ya anga, yaani ule mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Miaka ya namna hiyo, kupita latitudo ya 62 hivi, kila mwezi kuna siku ambazo mwezi hauzami kabisa na nyingine ambazo hauchomozi.

Sasa jedwali la saa za kuchomoza na kuzama kwa mwezi, kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi, hata wenye programu kwenye simu. Kosa kubwa ni kudhani kwamba kuchomoza na kuzama vilivyoandikwa mstari mmoja ni vya safari moja ya mwezi. Baada ya robo ya kwanza, mpaka karibu na robo ya mwisho, sivyo. Mstari ukisema mwezi unachomoza 20:42 na kuzama 08:20, kuzama huko ni kwa mwezi uliochomoza jana yake jioni. Wa leo utazama kesho, na saa yake iko mstari unaofuata. Kuzama kukitangulia kuchomoza katika mstari, shuka mstari mmoja.

Kisha kuna kistari badala ya saa. Si kosa la uchapaji. Tuseme mwezi umechomoza Jumanne 23:35. Ongeza saa 24 na dakika 50: unaangukia Alhamisi 00:25, na Jumatano haina kuchomoza. Hutokea mara moja kwa mwezi, karibu na robo ya mwisho. Kwa kuzama, karibu na robo ya kwanza. Hiyo 00:25 ni saa 6 na dakika 25 usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Atakayekesha Alhamisi usiku amechelewa siku nzima.

Tarehe ya umbo nayo haifanani kila mahali. Mpevu ni tukio la dakika moja kwa dunia nzima, lakini saa 03:48 ya UTC ya tarehe 7 Oktoba ilikuwa bado tarehe 6, saa 2 na dakika 48 usiku, kule Los Angeles. Kuchomoza ni kwa kila mahali peke yake: ndani ya ukanda mmoja wa saa, kila uzi 1 wa longitudo kuelekea magharibi huongeza dakika 4. Jedwali pia huchukulia upeo tambarare. Nyoosha mkono mbele na upime mlima ulio mashariki: vidole vitatu vya kati ni kama nyuzi 5, yaani dakika 20 au zaidi za kusubiri.

Jicho haliwezi kuitenga siku ya mpevu na jirani zake, kwa kuwa siku moja kabla au baada uso wa mwezi huwa umeangazwa karibu asilimia 99. Tumia jua. Mwezi ukiwa umeshapanda kabla ya machweo, bado haujapevuka. Ukichomoza giza limeingia, umeshapita. Wapiga picha ile jioni ya kabla ndiyo bora kwao, kwani mwezi hutoka wakati ardhi bado ina mwanga.

Wanaoutafuta mwezi mwandamo wahesabu dakika 2 kwa kila saa ya umri wake. Mwezi wa saa 30 huzama kama saa moja baada ya jua. Chini ya saa 15 hivi, kuuona kwa macho matupu si jambo la kutarajia. Anza kutazama magharibi dakika 20 baada ya machweo, na usiinue darubini kabla jua halijazama lote.