Saa ya babu: ni Omega ya kweli, na tugawane kwa bei gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia saa ya mkono ya Omega Seamaster ambayo babu aliinunua miaka ya sitini alipokuwa karani bandarini Tanga. Ni ya chuma, uso wake rangi ya fedha, ina kidirisha cha tarehe. Nikiitikisa inatembea kidogo kisha inasimama. Muuza saa mmoja jijini Dar es Salaam ameniambia ni feki kwa sababu haing'ari gizani, na chini ya uso pameandikwa "T SWISS MADE T" badala ya "SWISS MADE". Papo hapo akasema atanipa laki mbili niiache. Tuko ndugu wanne na tunataka kugawana mirathi kwa haki. Je, ni halisi? Na thamani yake ni kiasi gani?

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Nianze na hizo herufi mbili, maana ndizo zilizokutia hofu.

T ni tritiamu. Zamani alama za kung'ara gizani zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi mikali iliyowaua wafanyakazi waliokuwa wakipaka nyuso za saa. Miaka ya 1960 Waswisi wakahamia kwenye tritiamu, yenye mionzi hafifu zaidi, na wakawa wanaiandika kwa T kila upande wa "SWISS MADE". Kwa hiyo kwenye Seamaster ya miaka hiyo yenye rangi ya kung'ara, T mbili ni jambo la kutarajiwa. Kutong'ara nako ni dalili njema. Tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Saa ya miaka sitini imebakiwa na kama sehemu moja kati ya thelathini ya ile ya mwanzo. Ningepata wasiwasi kama ukiimulika tochi ingewaka kijani na kuendelea kuwaka muda mrefu, maana hapo ningejua imepakwa upya. Isitoshe, saa anayoiamini kuwa feki muuzaji haitolei laki mbili. Usimuachie.

Hata hivyo hayo hayatoshi kusema saa ni halisi. Katika saa za umri huu, bandia kamili si tatizo kubwa. Tatizo ni saa iliyounganishwa: mashine ya Omega kweli, kasha la saa nyingine, uso uliopakwa rangi upya. Ni kama gari ambalo injini, chasisi na kadi havioani. Kila kipande kina ukweli wake, lakini kitu kizima hakikutoka kiwandani hivyo. Ndiyo maana "ni halisi?" ni swali la kuulizwa mara tatu: kwa mashine, kwa kasha na kwa uso.

Mashine na kasha vitajibu haraka pindi saa ikifunguliwa, na afungue fundi mwenye kifaa cha kufungulia, si kisu. Baadhi ya Omega za wakati huo hazifunguki nyuma kabisa; kioo hutolewa kwanza na mashine ikapitia mbele. Asiyejua hilo atachubua kasha akitafuta mfuniko usiokuwepo. Ndani mtegemee kuona mashine yenye rangi ya shaba nyekundu, iliyoandikwa "OMEGA WATCH CO", aina ya mashine, na namba ya mfululizo ya tarakimu saba au nane. Namba inayokaribia milioni 20 ni ya mwanzoni mwa miaka ya sitini. Milioni 28 inaangukia karibu na 1969. Upande wa ndani wa mfuniko kuna namba ya kasha. Tangu 1962 hivi, saa ya kiume inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono na yenye tarehe iliandikwa 166 kisha tarakimu nyingine tatu. Isiyo na tarehe ilianza na 165. Ukikuta 165 nyuma ya saa yenye kidirisha cha tarehe, uliza mfuniko umetoka wapi. Mwambie fundi apige picha za namba zote mbili.

Aina ya mashine itapima pia habari ya familia. Seamaster nyingi zenye tarehe za muongo ule zina mashine ya 562 au ya 565. Hii ya pili ilitoka 1966, na tofauti yake ni kwamba tarehe hurukishwa kwa kuvuta ufunguo, yaani kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa, nje kabisa. Kama ndani mna 565 na wazee wanasema babu aliivaa siku ya Uhuru, 1961, basi ama kumbukumbu imeteleza ama mashine imebadilishwa.

Uso ndio unaohitaji subira, kwa sababu hapo ndipo sehemu kubwa ya bei inapokaa. Miongo mingi mafundi wa Mumbai na kwingineko wamekuwa wakipaka upya nyuso zilizochakaa, kwa nia njema au kwa ulaghai, na saa hizo zimesambaa pwani yetu yote. Chukua lenzi inayokuza mara kumi. Maandishi ya kiwandani yana kingo kali, hata mkia wa S ya "Seamaster" hauvuji wino. Vistari vya dakika vina urefu mmoja na vinaangukia mbele ya alama za saa bila kukosea. Rangi ya kung'ara kwenye akrabu na ile ya usoni zinapaswa kuwa zimezeeka pamoja. Akrabu nyeupe juu ya uso wenye nukta za manjano zimebadilishwa. Angalia pia katikati ya kioo: Omega iliweka nembo ndogo mno, ambayo bila lenzi huioni. Ikikosekana, usihuzunike, kioo kilibadilishwa tu, na hilo ni dogo.

Madoa ya uzee kwenye uso yaacheni. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona warithi wengi wakiipeleka saa "ing'arishwe" kabla ya kuuza, na wanaiharibia thamani kwa gharama zao wenyewe. Uso wenye madoa ambao ni wa asili unatafutwa kuliko uliopakwa upya ukameremeta. Kasha nalo likipigwa msasa, kingo za pembe zinazoshika mkanda huyeyuka na hazirudi.

Usidhani kuunganisha saa ni mchezo wa vichochoroni. Novemba 2021 Omega Speedmaster ya 1957 iliuzwa kwenye mnada wa Phillips mjini Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na mnunuzi alikuwa Omega yenyewe kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kuwa ilikuwa imeunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Kwa hiyo karatasi za kuthibitisha saa pekee zisikutulize. Namba, vipande na historia viseme kitu kimoja.

Sasa bei. Seamaster ya chuma ya aina yako, yenye uso wa asili na mashine nzima, kwa kawaida huuzwa dola mia kadhaa za Marekani. Nzuri sana hukaribia elfu moja. Uso ukiwa umepakwa upya, bei inaweza kushuka hadi nusu. Msiangalie bei zinazoombwa mtandaoni, kwani kila mtu anaomba anachotaka. Tafuteni za saa zilizokwisha kuuzwa, zenye namba ya kasha ileile. Kutoka hapo toeni gharama ya kuisafisha na kuipaka mafuta, kwa kuwa inavyosimama huenda mafuta yamekauka. Kabla ya hapo msiitikise tena, vyuma vinasagana vikavu. Fundi akibadilisha kipande chochote, mdai kile cha zamani.

Kwa mgawanyo wa mirathi, anayekadiria asiwe anayetaka kununua, na aandike kwa jina lake: aina ya mashine, namba zote mbili, hali ya uso, tarehe ya makadirio. Bei mtakayogawania iwe ile ambayo mngeipata mkononi leo, siyo ya kwenye kabati la duka la Ulaya. Mmoja wenu akitaka kuivaa, awafidie wenzake watatu kwa bei hiyo.