Mikono mirefu bila pumzi: kwa wanaoanza ngumi Tanga

Tangu Septemba 2018, Hassan Mwakinyo, mtoto wa Tanga, alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya 2 kule Birmingham, vijana wengi wanaoingia jimu huku kwetu huja na jibu tayari: ngumi ni roho. Wengine huja na jibu jingine: ngumi ni mwili, ukizaliwa na mkono mzito umemaliza. Wa kwanza na wa pili, wengi wao hawafiki wiki ya nne. Tanga ni waja leo, waondoka leo, na begi la mchanga halimbembelezi mtu.

Tuanze na mwili, kwa sababu unapimika. Egemea ukuta, nyoosha mikono pande zote mbili, mwenzako apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kile kingine. Linganisha na urefu wako. Mikono ikizidi urefu kwa sentimita tano au zaidi, jabu, yaani ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, ndiyo mali yako, na kazi yako ni kumweka mtu mbali. Ikipungua, usinune. Rocky Marciano alikuwa na mikono ya sentimita 173 hivi, mifupi mno kwa uzito wa juu, na alistaafu mwaka 1956 na mapambano 49 bila kupoteza hata moja. Mwenye mikono mifupi hufundishwa kuingia: jabu, hatua ya pembeni, kichwa nje ya mstari, ndipo ngumi za tumbo. Akiingia mstari ulionyooka anapigwa njiani, halafu anasema hana bahati.

Aliyejaliwa mwili naye ana ugonjwa wake, na ni mgumu kutibika. Mtaani Makorora au Ngamiani kila aliyeonja mkono wake wa kulia alikaa chini, kwa hiyo hajawahi kuhitaji jabu, wala gadi ya kukinga uso kwa mikono, wala pumzi ya dakika ya tatu. Siku anapokutana na mtu aliyebaki amesimama, hana la kufanya. Anarudi nyuma moja kwa moja mpaka kamba zinamgusa mgongo, mikono inashuka, kidevu kinapanda. Ukiona kidevu kinapanda, jua pumzi imekwisha, na miguu iko njiani kufuata. Dawa yake inachosha kuliko kuuma: mwezi mzima apigane kwa mkono wa mbele tu, mkono wa nyuma ukiwa shavuni, na mpira wa tenisi ukiwa umebanwa chini ya kidevu. Mpira ukidondoka, raundi inaanza upya. Hapo wenye vipaji wengi hukumbuka ghafla kwamba wana baiskeli ya kupeleka kwa fundi.

Pambano la Tokyo la 11 Februari 1990 husimuliwa nusu. James Douglas alimpiga Mike Tyson, ambaye hakuwa amewahi kushindwa, na husemwa alishinda kwa roho kwa kuwa alikuwa amefiwa na mama yake wiki tatu hivi kabla. Roho ilikuwepo. Lakini mikono ya Douglas ilimzidi Tyson kwa zaidi ya sentimita 25, na usiku ule aliitumia kwa jabu raundi baada ya raundi. Mikono ile alikuwa nayo siku zote. Safari hii alikuwa na pumzi na utulivu wa kuitumia. Mwishoni mwa raundi ya 8 aliangushwa. Hakukurupuka. Alisikiliza hesabu, akainuka kwenye tisa. Raundi ya 10 akaanguka Tyson, na sekunde zake nyingi zikaishia kupapasa kinga ya meno sakafuni. Ni kweli Tyson alikuwa ameumia zaidi, ila tofauti hiyo ya sekunde inafundishika.

Inafundishwa hivi. Ukimaliza raundi ya 4 ya begi, ukiwa umechoka kwelikweli, piga goti moja. Mwenzako ahesabu kwa sauti, nawe utazame vidole vyake. Usisimame kwenye tatu kwa aibu. Mwamuzi atakuhesabia mpaka nane hata ukisimama mapema, kwa hiyo sekunde hizo pumzika ukiwa chini. Saba, weka mguu. Nane, uwe wima, mikono juu, piga hatua kumwelekea na ujibu anachouliza. Rudia mara tatu kwa wiki, mpaka mwili ufanye wenyewe.

Sasa hofu. Kijana anaweza kukimbia kutoka Ngamiani hadi Raskazone na kurudi bila kuhema sana, kisha akaishiwa sekunde 60 baada ya kengele. Mapafu ni yale yale. Kinachotokea ni kwamba mabega yamepanda hadi masikioni, taya limekazwa, na ngumi imefumbwa hata wakati haipigi. Msuli uliokaza unakula pumzi bure. Vidole vilegee ndani ya glovu, vikaze pale tu ngumi inapogusa. Kila ngumi itoke na pumzi fupi puani, utasikia "sss". Anayepiga ngumi nne huku amebana pumzi ataitafuta ya tano asiione.

Roho pia inapimika, na kipimo chake ni daftari na kalamu. Begi raundi 6, dakika 3 kila moja, mapumziko dakika 1. Sekunde 30 za mwisho za kila raundi piga mfululizo, jabu na ya nyuma, mwenzako ahesabu na kuandika. Raundi ya 1 ukipiga 60 na ya 6 ukapiga 35, hukukosa roho; ulianza kwa ubishi. Siku inayofuata anza na 50 uone ya 6 inasemaje. Tunamtaka mtu ambaye namba zake zinafanana, hata zikiwa ndogo.

Ile dakika ya mapumziko kwenye kona nayo ina mpangilio. Kaa, nyoosha miguu. Sekunde 15 za mwanzo hakuna anayezungumza: vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Sukutua maji, meza kidogo. Kocha atasema jambo moja, nawe ulirudie kwa mdomo wako. Usipoweza kulirudia, kocha ameshaona alichotaka kuona.

Sparingi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, isianze kabla ya wiki ya 8, na mwanzo iwe jabu kwa jabu, glovu za aunsi 16, nguvu nusu. Kofia ya sparingi inazuia kuchanika, haizuii ubongo kutikisika.

Joto la pwani lisichukuliwe kama kipimo cha uanaume. Koti la plastiki linatoa maji, halitoi mafuta. Baada ya mazoezi marefu, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dafu ni zuri pia. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yahamie baada ya tarawehe, kupiga kivuli hewani na kuruka kamba tu, begi zito lisubiri Idi.

Na hapa ndipo neno roho linapoharibu watu. Kupokea ngumi za kichwa bila kuanguka si mazoezi, wala hakumkomazi mtu. Aliyeangushwa kwa KO, yaani akashindwa kuinuka kabla ya hesabu ya kumi, hagusi sparingi kwa siku zisizopungua 30, na harudi bila daktari kumwona. Kichwa kikiendelea kuuma, akitapika, akichukia mwanga au akisahau raundi aliyopigwa, apelekwe hospitali usiku ule ule, asilazwe kwanza "apumzike". Tarehe ya KO iandikwe kwenye daftari la jimu, si kichwani mwa kocha. Siku hizo zote akae benchi awahesabie wenzake zile ngumi za sekunde 30. Akiuliza bado siku ngapi, mfungulie daftari asome mwenyewe.